Nani Anaishi Juu ya Chemchemi?

Kitui au Garissa, mazungumzo ya maji huanza na umbali: mama ametembea kilomita ngapi, punda amerudi saa ngapi. Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii, swali hilo halina uzito. Nyanda hizi za juu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, sehemu nyingine zikikaribia 2,000, na ni nadra mwezi mzima kupita bila tone. Karibu kila bonde lina chemchemi yake, ensoko kwa Ekegusii. Chini ya chemchemi hizo vijito hukusanyika mpaka vikawa Gucha, mto ambao watu wa Migori wanauita Kuja, unaoishia Ziwa Victoria. Upande wa pili wa Nyamira maji huteremkia Sondu. Ungedhani watu wa huku wangekuwa wa mwisho nchini kulalamikia maji.

Malalamiko yao husikika zahanati. Kuhara kwa watoto, taifodi, amiba, minyoo: magonjwa ya mahali penye maji mengi ambayo hakuna anayejua yamebeba nini. Na hapo ndipo penye kitendawili cha Gusii. Maji ya mfereji, ambayo wachache wanayapata, yana kampuni, maabara, mdhibiti na ripoti ya kila mwaka. Maji ya chemchemi, ambayo ndiyo tegemeo la vijiji vingi, hayana mtu aliyepewa kazi ya kuyapima mwaka baada ya mwaka na kutangaza matokeo. Yanayonywewa zaidi ndiyo yanayopimwa kidogo.

Kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa, tuanze na mvua yenyewe. Maji yakianguka juu ya kilima huzama katika udongo mwekundu wenye kina kirefu, hupenya polepole, hukutana na mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji, kisha hutafuta njia ya pembeni na kutokeza bondeni. Safari hiyo ya chini kwa chini ni kichujio kizuri. Udongo hunasa vimelea, na muda huua vingi kati ya vile vilivyopita. Ndiyo maana wazee wanaosema kwamba maji ya ensoko yao yalikuwa salama hawabuni. Yawezekana kabisa yalikuwa hivyo, kwa sababu kilima kilichokuwa juu yake kilikuwa na boma moja au mawili.

Kemia ya maji haya pia haitishi. Kule Nakuru, Naivasha na Elementaita, volkano za Bonde la Ufa zimejaza maji floraidi kiasi cha kuwatia watoto meno ya kahawia, na wengine mifupa kuharibika. Kiwango kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huko hukivuka mbali. Chemchemi za Gusii hazina sifa hiyo. Maji yake ni laini, yana madini machache, na huelekea upande wa uchachu kidogo kama ulivyo udongo wa milima yenye mvua nyingi. Uchachu huo haumdhuru mnywaji moja kwa moja, lakini hula bomba za chuma. Kisima kirefu kilichofungwa pampu ya mkono yenye bomba za mabati kinaweza baada ya miaka michache kutoa maji ya rangi ya kutu yanayotia doa nguo na kuharibu ladha ya chai. Wanakijiji hawasubiri maelezo ya mhandisi. Wanakihama na kurudi kwenye kijito, ambako maji ni meupe na hatari ni kubwa zaidi. Jicho na ulimi ni mahakimu wabovu wa maji, na kila mtu anawategemea.

Nasema hivi kwa sababu kila mkutano wa maji unaofanyika huku haukosi mtu wa kuuliza kuhusu kemikali. Swali ni halali na nitalirudia. Lakini kichafuzi kikuu cha maji ya Gusii ni kinyesi, cha watu na cha ng'ombe, na mengine yote yanafuata kwa mbali.

Kwa desturi, ardhi ya Gusii iligawanywa katika vipande virefu vinavyoanzia mgongoni mwa kilima na kuteremka hadi bondeni. Mpangilio huo ulikuwa na akili yake: kila familia ilipata mahali pa kujenga juu, mahali pa kulima katikati, malisho na maji chini. Nyumba na kila kilichotoka nyumbani vilikaa mbali na ensoko, na kati yake kulikuwa na mteremko mrefu wa wimbi, migomba na nyasi. Kisha watu wakaongezeka. Sensa ya 1979 ilihesabu watu chini ya 900,000 katika wilaya nzima ya Kisii, ambayo wakati huo ilijumuisha Nyamira. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii sasa ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, msongamano ambao mahali pengine ungeitwa mji, ila hapa watu hawa wanaishi mashambani, kila boma na choo chake, zizi lake na shimo lake la taka.

Kipande cha babu kimegawanywa kwa wana, cha mwana kwa wajukuu. Kilipogawanywa kwa urefu kikawa chembamba mno, kwa hiyo kitinda mimba akajenga chini ya kaka yake, na mtoto wake akajenga chini zaidi. Nyumba zimekuwa zikiteremka kilima kizazi baada ya kizazi, na choo kinaifuata nyumba. Chemchemi haikuhama. Leo si ajabu kuikuta ensoko ikiwa na vyoo kadhaa kwenye mteremko ulio juu yake, kila kimoja kikiwa kimechimbwa na mtu aliyefuata ushauri wote wa afya ya umma: amejenga choo, amekiezeka, amekifunika tundu.

Kuna jambo moja hapa ambalo kampeni za vyoo hazipendi kulizungumzia. Udongo wa Gusii unachimbika vizuri, na choo kirefu ni fahari ya mwenye boma; kinakaa miaka mingi bila kujaa na hakitoi harufu. Lakini kila mita ya kina inayoongezwa inapunguza udongo wa kuchuja kati ya kinyesi na maji yaliyo chini. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji. Ni kanuni ya wastani tu. Penye udongo mzito, umbali mfupi zaidi unaweza kutosha. Penye mwamba uliopasuka, mita 100 zinaweza kuwa chache. Na kwa shamba la robo ekari lililo kwenye mteremko, mita 30 kwenda pande zote hazipo. Zinaishia kwa jirani. (Watu huuliza pia kuhusu makaburi, kwa kuwa Wakisii huzika nyumbani. Kaburi moja katika miaka mingi ni jambo dogo mbele ya choo cha watu saba kinachotumika kila siku.)

Kipimo kinachotumika kukamata uchafu huu ni bakteria iitwayo E. coli. Yenyewe kwa kawaida haidhuru. Huishi matumboni mwa watu na wanyama wenye damu moto, kwa hiyo ikionekana majini inatoa ushahidi kwamba kinyesi kimepita, na palipopita kinyesi panaweza kupita bakteria wa taifodi na kipindupindu, virusi vya homa ya ini na vimelea kama giardia. Kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, EAS 12, kina jambo la kuvutia hapa. Kinatofautisha maji yaliyosafishwa kiwandani na maji ya asili ya kunywa, na kwa vitu vingi kinayavumilia ya asili: tope kwa mfano, vipimo 5 kwa maji yaliyosafishwa, 25 kwa ya asili. Kwa E. coli hakuna uvumilivu. Isipatikane hata moja katika mililita 100, maji yawe ya bomba au ya mwambani.

Tatizo la kipimo hicho ni kwamba sampuli lazima ilale maabara karibu siku nzima kwenye joto la mwili kabla ya bakteria kuota na kuhesabika. Jibu linapofika, maji yalikwisha kunywewa. Tena sampuli moja inasimulia habari ya asubuhi moja tu. Chemchemi iliyopimwa Januari katika kiangazi kifupi inaweza kupata cheti safi, na Aprili, mvua za masika zikiosha vilima, ikawa imejaa kinyesi. Ripoti yoyote ya ubora wa maji ya Gusii isiyosema sampuli zilichukuliwa mwezi gani inaficha jambo muhimu kuliko yote.

Nilisema nitarudi kwa kemikali. Kinachostahili kufuatiliwa kwa makini ni nitrati. Inatoka vyooni, inatoka kwenye samadi, na inatoka kwenye mbolea. Kaunti hizi ni nchi ya majani chai. Viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Tombe, Nyamache na Kiamokama vinapokea majani kutoka kwa wakulima wadogo ambao hupewa mbolea ya NPK 26:5:5 kupitia wakala wao wa chai, KTDA, na kukatwa malipo yake baadaye. Ile 26 ni naitrojeni. Sehemu inayochukuliwa na mchai inarudi kama majani. Sehemu inayobaki hugeuka nitrati, ambayo haishikwi na udongo na hushuka na maji ya mvua. Hakuna kuchemsha kunakoiondoa; ukichemsha unaizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo inabaki. Kiwango cha Afrika Mashariki ni miligramu 45 kwa lita, cha Shirika la Afya Duniani ni 50, na anayelengwa na kiwango hicho ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, kwani nitrati nyingi huizuia damu yake kubeba oksijeni. Mtoto anayenyonya yuko salama zaidi. Kwa hiyo hatari ya leo ni ndogo, ila ni hatari inayojilimbikiza chini ya ardhi bila rangi wala harufu, na ikishafika kwenye maji ya chini huchukua miaka kuondoka.

Dawa za kuua wadudu na magugu zinazopulizwa kwenye nyanya, kabeji na mahindi ni swali gumu zaidi, kwa sababu kupima dawa moja kunahitaji vifaa vya gharama kubwa ambavyo havipatikani katika maabara ya kawaida ya maji. Kutopimwa si ushahidi wa kutokuwepo. Mwenye kuoshea pampu yake ya kupulizia mtoni anaujua ukweli bila maabara.

Sasa kuhusu kukinga chemchemi, kazi ambayo serikali za kaunti, makanisa na mashirika wameifanya kwa miaka mingi. Fundi huchimba mpaka kwenye jicho la maji, hupanga mawe na kokoto, hufunika kwa mfinyanzi au karatasi ya nailoni, hujenga ukuta wa saruji wenye bomba, na juu ya mteremko huchimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Mwishoni huzungushwa ua. Gharama si kubwa na faida inaonekana: hakuna tena kuchota kwa kibuyu kwenye dimbwi ambalo ng'ombe amekanyaga.

Jaribio bora zaidi la kupima faida hiyo lilifanyika Kenya hii hii, Busia, na Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane, na likachapishwa mwaka 2011. Walikinga chemchemi kwa zamu ili waweze kulinganisha zilizokingwa na zinazosubiri. Uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale bombani. Nyumbani, ndani ya chombo cha maji ya kunywa, ulipungua kwa asilimia 24 tu. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo, jambo zuri lisilostahili kudharauliwa. Lakini tazama tofauti ya 66 na 24. Theluthi mbili za ushindi zilipotea kati ya bomba na kikombe: mtungi wa lita 20 uliooshwa kwa mchanga wa mtoni, jani lililochomekwa mdomoni mwake ili maji yasimwagike, mkono ulioingia pamoja na kikombe.

Gusii si Busia. Vilima vyake ni vikali na watu wamesongamana zaidi, kwa hiyo naamini kinga ya chemchemi hapa inakabiliwa na adui wa pili ambaye Busia hana kwa ukubwa huo: maji yanayofika kwenye jicho yakiwa yamechafuka tayari. Ukuta wa saruji unazuia uchafu wa juu ya ardhi. Hauzuii kinachotoka chini kwa chini kwenye choo cha mteremkoni. Kuna njia rahisi ya kugundua. Kama maji ya bomba la chemchemi yanabadilika rangi saa chache baada ya mvua kubwa, basi maji ya juu yanaingia bila kuchujwa, na mahali yanapopita tope, vijidudu vinapita kwa raha. Ishara hii ni ya bure, na kila anayechota anaiona. Kinachokosekana ni daftari la kuiandika na mtu wa kulisoma.

Afadhali basi maji ya mfereji? Mara nyingi, ndiyo. Mji wa Kisii hupata maji kutoka Kegati, yanakochukuliwa kutoka Gucha na kusafishwa na kampuni ya maji ya GWASCO. Mto huo ukijaa hubeba udongo mwekundu wa mashamba yote yaliyo juu, na kazi ya kwanza ni kuuondoa. Hutiwa shabu, chembe za udongo zishikane na kuzama. Maji hupitishwa kwenye mchanga. Mwishoni hutiwa klorini. Mpangilio huu una sababu. Klorini haichagui: ikikuta tope hujimaliza kwa tope, na vijidudu vikajificha ndani ya chembe vikasalimika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe meupe kwanza, kisha yakae na klorini angalau nusu saa, na ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita mpaka bombani kwa mteja. Kiasi hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachotoa harufu ya dawa ambayo wateja huilalamikia. Mimi hulalamika nisipoisikia.

Udhaifu wa mfereji uko njiani. Kituo kinategemea pampu. Umeme ukikatika, au bili yake isipolipwa, mabomba hubaki matupu. Maji ya mgao yana hatari ambayo wengi hawaijui: bomba lenye shinikizo huvuja kwenda nje, bomba lisilo na shinikizo hunyonya kuingia ndani, na kama limelala kwenye mtaro wa maji taka, linanyonya mtaro. Kitaifa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hupotea au hayalipiwi. Mazungumzo huishia kwenye hasara ya fedha, lakini kila tundu linalovujisha maji Jumatatu ni mlango wa uchafu Jumanne, maji yakifungwa. Mteja naye, kwa kuwa hajui maji yatarudi lini, hujaza mapipa na tangi, na klorini hupotea humo.

Mji wenyewe umekuwa mkubwa kuliko mabomba yake ya maji taka. Mto Nyakomisaro unakatiza Kisii mjini ukipokea maji ya mitaro, uoshaji wa magari na taka za soko, kisha unateremka kuelekea Riana. Mabwawa ya kusafishia maji taka yako Suneka, nje ya mji, na nyumba nyingi za kupanga hazijaunganishwa nayo. Zina mashimo yanayovutwa na magari, au yasiyovutwa. Bwawa la Bonyunyu, lililokusudiwa kujengwa kwenye Gucha ili kuvipatia vituo vya Kisii na Nyamira maji zaidi, limekuwa likizungumzwa kwa miaka mingi. Likijengwa litaongeza wingi. Ubora utategemea mashamba yaliyo juu yake, kama ilivyo sasa.

Wanaodhani nchi tajiri zimeshavuka haya wasome habari za Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa iliosha samadi ya ng'ombe mpaka kwenye kisima kifupi cha mji. Watu saba walikufa, wapatao 2,300 wakaugua, katika mji wa watu 5,000 hivi. Wasimamizi wa maji walikuwa na mazoea ya kutia klorini kidogo na kuandika kwenye daftari vipimo ambavyo hawakuvipima. Jaji Dennis O'Connor aliyeongoza uchunguzi aliwabana wao, na akaibana serikali ya jimbo iliyopunguza usimamizi. Lakini mkulima mwenye samadi hakumlaumu. Alikuwa amefuata kanuni zote nzuri za kilimo. Kisima ndicho kilichowekwa mahali pabaya na kuachwa bila ulinzi. Kwa Gusii, naona hili ndilo fundisho zito kuliko yote ya Walkerton, kwa kuwa mwenye choo cha mteremkoni naye amefuata kanuni zote.

Tukiuliza magonjwa yatuambie hali ya maji, tujihadhari. Taifodi imekuwa jina la kila homa isiyoeleweka katika eneo hili, mara nyingi ikiandikwa kwenye kadi pamoja na malaria. Kipimo kinachotumika sana kwenye zahanati na maabara za mitaani ni cha Widal, ambacho hutafuta kingamwili katika damu. Kinaweza kuonyesha ugonjwa uliopona zamani, au kikachanganya na maambukizi mengine, malaria ikiwemo. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, na hicho hakipatikani kila mahali wala hakitoi jibu siku hiyo hiyo. Matokeo yake ni mawili: dawa za kuua bakteria hutolewa ovyo na bakteria huzizoea, na takwimu za taifodi haziwezi kutumika kama kipimo cha maji. Zinaweza kupanda kwa sababu maabara mpya imefunguliwa sokoni. Chanjo ya taifodi iliyoanzishwa nchini Julai 2025 itawakinga watoto dhidi ya bakteria mmoja. Kuhara kuna visababishi vingi visivyo na habari na chanjo hiyo.

Basi ni nani mwenye dhamana? Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Sheria ya Maji ya 2016 inaiweka bodi ya udhibiti, WASREB, isimamie watoa huduma wenye leseni, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji isimamie vyanzo. Kanuni za 2006 za mamlaka ya mazingira, NEMA, zilikataza uendelezaji kwenye kingo za mto, kati ya mita 6 na 30. Afisa wa afya ya umma ana mamlaka yake chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Taasisi hazikosekani. Lakini ukiileta orodha hiyo mbele ya chemchemi moja ya kijiji huko Bobasi au Borabu, utaona kila mmoja akipita pembeni. WASREB hufuatilia vipimo vya klorini na bakteria vya kampuni zenye leseni. Ensoko haina leseni. Idara ya maji ya kaunti ilijenga ukuta, ikapiga picha na mwakilishi wa wadi, ikahesabu chemchemi moja iliyokingwa. Kamati ya wanakijiji inafyeka nyasi, haina fedha ya maabara. Afisa wa afya huja kukiwa na mlipuko.

Sensa nayo imeimarisha mazoea hayo bila kukusudia. Inagawanya vyanzo kuwa chemchemi zilizokingwa na zisizokingwa, na anayekunywa ya kwanza anahesabiwa kuwa na chanzo kilichoboreshwa. Saruji imehesabiwa. Maji hayajaulizwa.

Hata vita dhidi ya mikaratusi vinaonyesha tunapopenda kutazama. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliamuru miti hiyo ing'olewe kwenye maeneo oevu na kando ya mito, na Gusii, ambako mkaratusi ni nguzo, ni kuni na ni karo ya shule, amri hiyo imerudiwa tena na tena na viongozi waliofuata. Kuna hoja: mti huo hunywa maji mengi na chemchemi hupungua. Hata hivyo mkaratusi hauchafui. Nyasi za nepia zilizopandwa mahali pake na kutiwa samadi mbichi mita chache juu ya jicho la maji zinachafua, na sijasikia waziri akiziamuru ziondoke.

Njia moja inayopuuzwa iko juu ya kila nyumba. Paa la mabati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 1,500, hupokea lita 75,000 kwa mwaka. Ukitoa zinazomwagika, zikabaki 60,000, ni zaidi ya lita 160 kwa siku. Maji hayo hayapiti chini ya choo cha mtu. Yana vinyesi vya ndege na vumbi, kwa hiyo ya dakika za kwanza za mvua yamwagwe, na ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Kinachozuia ni tangi, ambalo ni ghali kwa mkupuo mmoja ingawa si ghali kwa miaka kumi, na mvua ya Gusii, kwa kuwa haikawii kurudi, hailazimishi tangi kubwa kama la Makueni.

Kuchemsha nako kuna hesabu yake ya kuni na makaa. Chai na uji vimewakinga watu wa huku kuliko kampeni yoyote, kwa kuwa ni maji yaliyochemka ambayo mtu anayanywa kwa kupenda. Maji mabichi hunywewa shambani, shuleni na kazini. Hapo tone la klorini kwenye mtungi linashinda jiko, kwa bei na kwa sababu hubaki ndani kuzuia mkono uchafuao baadaye. Ila kwa vimelea vyenye gamba gumu kama kriptosporidia, jiko linashinda.

Kwa upande wa kaunti, kazi ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyofikiri. Shirika la Afya Duniani lina fomu ya ukaguzi wa chemchemi yenye maswali machache ya ndiyo na hapana: ua upo? Ukuta umepasuka? Mtaro wa juu upo na umezibuliwa? Wanyama wanafika? Kuna choo juu ya mteremko ndani ya mita 30? Haihitaji maabara, inahitaji mtu anayepanda kilima badala ya kusimama bombani. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba na simu mwaka 2023, tayari wanatembelea kaya hizo hizo kila mwezi. Wakikagua kila chemchemi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua za Machi na za Septemba, kaunti itajua ni zipi za kupelekewa chupa za sampuli na ni zipi za kupewa klorini moja kwa moja bila kusubiri jibu. Matokeo yabandikwe ukutani pa chemchemi yenyewe.

Swali la ardhi ya juu halitatatuliwa na fomu. Mtu mwenye robo ekari akiambiwa asichimbe choo hapa, asipande nepia pale, asifuge ng'ombe kule, kwa ajili ya maji ya kaya 40 za chini, anaombwa kutoa sehemu kubwa ya mali yake bure. Hatakubali, na sioni kwa nini akubali. Kaunti ingeweza kumjengea choo cha tangi lisilovuja na kulipia kulivuta, au kukodi ukanda ulio juu ya jicho kwa mkataba wa miaka. Vyote viwili ni bei ndogo kuliko kuchimba kisima kipya kitakachotoa maji ya kutu. Bajeti za kaunti zina kifungu cha kukinga chemchemi. Mtu wa kilimani naye apate kifungu chake, kwa jina hilo hilo.